Mianzi ya Minza

Nani aling'oa mianzi ya Minza, Shilinde hajui mpaka leo. Aliilaza miwili juu ya nguzo nne kando ya kijiwe cha kahawa, Gongoni, Tabora, kimo cha kiuno cha mtoto wa miaka sita, ili Minza, binti yake mwenye mtindio wa ubongo, ashike huku na huku, atembee. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amesema: asubuhi na jioni, wiki nane, bila kuruka siku. Jumanne ya wiki ya tano Shilinde alifika na Minza mgongoni, akakuta mashimo manne.

— Nani kachukua?

— Vijana wa turubai, alisema Mzee Abbasi, aitwaye Injini kwa miaka aliyoitumikia reli. Tangu juzi kuna msiba kwa Majidi. Siku ya msiba nguzo ya jirani haiombwi, bwana.

— Nimetoka huko. Turubai lao lina vyuma.

— Basi mchwa, alisema Parvez, muuza vipuri vya pikipiki, ambaye kijiweni ni Vipuri tu.

— Mchwa gani anakula nguzo nzima usiku mmoja?

— Wa Tabora, kaka. Wamesoma hao.

Wakacheka. Shilinde hakucheka.

— Lakini ni heri, alisema Injini. Unamtesa mtoto. Haraka haraka haina baraka.

— Miaka sita, mzee, ndiyo haraka?

— Ubongo ni reli. Ukipinda umepinda. Ugonjwa uko kichwani, wewe unafundisha miguu.

— Na mimi sijaona pikipiki iliyopona kwa kuendeshwa, alisema Vipuri.

— Njia ya wapagazi ya kwenda Ujiji ilichongwa na greda? alisema Shilinde. Ni nyayo. Mtaalamu kaniambia na kichwani ni hivyo hivyo: mtoto akirudia hatua kila siku, ubongo unajifungulia njia. Watoto kama huyu wamepigwa picha za ubongo, kabla na baada ya mazoezi, tofauti ikaonekana. Si kwa wote, wala si kubwa. Lakini ipo.

— Picha za ubongo? Basi wezi ni hao wapiga picha, alisema Injini. Wameenda kuipima mianzi, wajue siri yake.

— Mzee, nakuheshimu. Lakini mmefika hapa alfajiri. Mmekunywa kahawa mbele ya mashimo haya, na hakuna aliyenipigia simu. Mngeibiwa birika, mtaa mzima ungejua.

Leonia, mama kutoka kijiji cha Igalula aliyeshusha kapu lake la karanga apumzike, akawaangalia.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Sasa huyu mtoto leo anatembelea wapi?

Vipuri aliinuka, akaenda dukani kwake, akarudi na fito mbili ndefu alizozichomoa kwenye paa la baraza. Ikaamuliwa kwamba mpaka Shilinde achimbie nguzo mpya, watu wawili watakuwa nguzo, asubuhi na jioni. Waliotekeleza ni Vipuri, upande wa mbele, na Injini upande wa nyuma, goti moja vumbini, fito zikiwa mikononi mwao.

Minza akashika. Mguu wa kulia ukajiburuta, ukafika. Akasimama.

— Babu, unatikisika.

— Natulia, mama, alisema Injini, na akatulia.