Picha Isiyokuwa na Mwanzo

Mwanamke hakatizi kahawa ya wanaume. Hapa Kaloleni ndivyo tulivyokuta, unasimama kando ya benchi na mtoto mgongoni mpaka mmoja akusalimie, ndipo useme shida yako, na mimi Jumapili ile nilisimama, jua linanichoma utosi, mwanangu Perez amenilowesha mgongo, kwa sababu Mulama mume wangu alitoka Jumamosi mchana kwenda sinema mjini na watu watatu wa benchi hii, hawa hawa, na wao walirudi, na yeye hakurudi. Nilikuwa nimeshauliza kwenye geti la reli anakofanya kazi, nimeuliza majirani, nilikuwa nimebakiwa na hawa tu. Kulikuwa na Bombei, karani wa kaunsili, Mjaluo anayelia kwa picha za Kihindi. Kulikuwa na Kauboi, ambaye kwao anaitwa Phares, fundi wa reli kama Mulama. Na Mapanga, yaani Abdurahim wa duka la mafuta taa, mtu wa picha za Wachina. Waliniona. Najua waliniona, kwa sababu hata mzee Haidari mwenye birika, anayesalimia mpaka paka, alinipa mgongo akamimina kahawa, na wale watatu wakaanza kubishana kwa makelele kama watu waliokaa ng'ambo mbili za barabara.

— Mimi nasema na sirudii, — Kauboi akaanza. — Tangu sinema iumbwe, hakuna picha imefika ile ya jamaa wa farasi mweusi. Haongei! Anakunywa maji, anafuta mdomo, mtaa mzima uko chini.

— Unasifu punda aliyeoga, — Mapanga akasema. — Picha ni ya Mchina. Mtu mmoja anapiga kijiji kizima, na wanamjia mmoja mmoja, wengine wanangoja.

— Wanangoja nini? Foleni ya maji?

— Hiyo ni heshima, bana! Huwezi kuijua.

— Nyinyi hamjawahi kulia ndani ya sinema, — Bombei akasema, — kwa hivyo hamjaenda sinema. Mama ni kipofu, mtoto alipotea akiwa mdogo, siku moja anaimba tu barabarani, mama anaona! Nililia mpaka aliyekaa mbele yangu akageuka.

— Aligeuka kwa sababu ulimpengea kamasi shingoni.

Walicheka, na mimi nikakohoa, hakuna aliyegeuka, nikampandisha Perez mgongoni, nikakohoa tena.

— Na niwaambie siri, — Kauboi akasema. — Wale wanaokufa kwa picha za makauboi wanakufa kweli. Ni wafungwa. Serikali ya huko inawaambia, chagua, kamba ama picha.

— Toka hapa!

— Mwangalie mtu anavyoanguka! Wa kuigiza anaanguka hivyo?

Aliposema wafungwa Bombei alimkanyaga mguu, nikaona. Mapanga ndiye aliyeokota maneno haraka haraka.

— Hata Wachina wanaruka kweli. Kuna supu ya mifupa ya mwewe, wanapewa wakiwa watoto. Binamu yangu Mombasa alipewa na baharia.

— Akaruka?

— Alionja tu. Mpaka leo hapandi ngazi, anajikuta yuko juu.

— Lakini ya jana, — Bombei akasema, — ya jana imezizidi zote. Daraja likiwaka...

— Daraja! Na ndugu yake upande ule!

— Na anamtupia kamba, na kamba inaungua!

Daraja, kamba, ndugu, wakarudia, daraja, kamba, ndugu, na mimi nawajua, hawa wakitoka sinema wanaanza kusimulia na rangi ya pazia, na leo walikuwa wanaruka moja kwa moja mpaka katikati.

Ndipo akaja Patrobas, mpangaji mpya wa chumba cha mwisho kwenye laini yetu ya nyumba, amehama mwezi uliopita kutoka Kariobangi, hajui lolote la jana.

— Niaje, wazee. Mama Perez, habari ya mchana? Mbona umesimama juani?

Akakaa, akapokea kikombe.

— Hiyo picha ya jana ilianzaje? Mimi bila mwanzo sielewi kitu.

— Tulichelewa, — Kauboi akasema.

— Tulifika mapema, — Mapanga akasema, wakati ule ule.

Bombei akatazama ardhi. Na mimi nilikuwa nimeshasalimiwa, nikasema yote kwa pumzi moja.

— Mulama yuko wapi, mlienda naye, mmerudi bila yeye, yuko wapi?

— Shemeji, — Bombei akasema. — Si unajua kabla ya picha wanaonyesha bendera, wanapiga nyimbo ya taifa, watu wote wanasimama.

— Najua.

— Mulama alikuwa ametoka shifti ya usiku. Alilala hata kabla taa hazijazimwa.

— Na nyinyi?

— Tulisimama.

— Mlikuwa mmekaa wapi?

— Kando yake. Lakini shemeji, nyimbo ikipigwa hugeuki. Mikono chini, macho mbele. Na siku hizi unajua vile kuko, kulikuwa na makachero wawili mlangoni.

— Hakuna hata mmoja aliyemgusa?

— Walifika kwetu kabla hatujakaa, — Mapanga akasema. — Wakamwinua. Alidhani ni sisi. Akauliza, imeanza?

Bombei akaanza kulia, bila nyimbo wala mama kipofu.

— Wakatuuliza kama tuko pamoja naye.

— Mkasema nini?

Kauboi alijibu bila kuniangalia.

— Picha ilikuwa imeanza, shemeji.

Na walikaa, wakaitazama mpaka mwisho, mpaka daraja lilipoanguka. Ndipo mzee Haidari akasema, polepole, kwamba amesikia Mulama yuko seli na kesho atapelekwa kortini kwa kudharau wimbo wa taifa.

— Basi mmoja wenu aje kesho, — nikasema. — Aseme tu alikuwa amelala. Neno moja, alikuwa amelala.

— Mimi ni mtu wa kaunsili, — Bombei akasema. — Nikiandikwa huko, kesho kutwa sina kazi.

— Mimi, na jina langu hili? — Mapanga akasema. — Wataanza kwa kuniuliza kwetu ni wapi.

— Nyumba yangu ni ya reli, — Kauboi akasema, kana kwamba yangu mimi si ya reli.

Patrobas akaweka kikombe chini.

— Nitakuja mimi.

— Wewe hukuwako, — nikasema.

— Sikuwako. Lakini hawa wananisimulia kila picha, na mimi naenda kuisimulia kwa wengine kama niliiona. Wanisimulie hii.

Nilitaka kukataa, shahidi wa uongo mbele ya hakimu, nikaogopa, nikamwogopea na yeye, lakini hao watatu walikuwa wameshamsogelea. Nyuso ziliwakunjuka. Mapanga akasema Mulama alivaa shati la kijani la mikono mifupi. Bombei akafuta macho, akasema alikoroma, lakini kidogo, usizidishe, na kinywa kilikuwa wazi hivi. Wakasimulia vizuri, Mungu anajua, kwa mikono yote, nilimwona mume wangu.

— Na kichwa nitasema kilikuwa mbele, kimeinama? — Patrobas akauliza.

— Hapana! — Kauboi akamrukia. — Kilikuwa pembeni, kwangu, hapa begani. Alikuwa amelala begani kwangu.

— Na nyimbo ilipoanza ukainuka, — nikamuuliza, — hicho kichwa ulikiweka wapi?