Chupa ya Watoto Kumi

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu mkaja kumsindikiza, tunaomba utulivu wenu kwa muda mfupi, wenye watoto mapajani wabaki nao hapohapo walipo, tuwasomee maisha ya dada yetu, muuguzi mstaafu, ambaye wengi wenu hamkumjua kwa jina alilopewa na wazazi bali kwa jina mlilompa wenyewe, Bibi Lete Bega. Anayesoma ni mdogo wake wa mwisho, na familia imemtuma aseme ukweli, kwa hiyo ataanza na jambo ambalo huenda hamkulitarajia, kwamba marehemu alikuwa mwoga. Aliogopa utotoni, akaogopa kazini, akaogopa hadi kitandani hospitalini, na asubuhi hii tulipokuwa tunapanga viti, mtoto mmoja alikohoa nyuma ya turubai, sisi ndugu zake tukatazamana kwa woga uleule aliotuachia.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1958, katika mtaa wa nyuma ya stesheni, kwenye chumba kilichopakana na duka la baba yetu, aliyekuwa fundi cherehani, marehemu akiwa mtoto wa pili kati yetu watoto watano. Mwaka 1965 surua iliingia katika chumba hicho, ikawalaza wadogo zake wawili waliomfuata, wa kiume na wa kike, kwenye mkeka mmoja, macho yao mekundu hayataki mwanga, hata mama akaziba dirisha kwa kitambaa cheusi cha suti ya mteja, na kabla ya wiki kwisha wote wawili walikuwa wamezikwa. Yeye aliugua pamoja nao akapona, ila sikio lake la kushoto halikusikia vizuri tena, na mama akawa akirudiarudia kwamba mtoto si wako mpaka surua ipite. Mdogo wake huyu anayesoma alizaliwa mwaka uliofuata, na kumbukumbu yake ya kwanza kabisa ya dada yake ni mkono unaomshika kidevu na kumgeuzia uso kwenye mwanga wa mlangoni, kutafuta vipele, kwa sababu tu alikuwa amepaliwa na maji.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966 na kumaliza 1972, akisifiwa kwa hesabu na kulaumiwa kwa kukaa karibu mno na ubao, kumbe alikuwa anatafuta sauti ya mwalimu kwa sikio moja. Ieleweke pia kwamba siku wachanjaji wa ndui walipofika shuleni, marehemu, ambaye baadaye aliwachoma wengi wenu bila huruma, alijificha kwenye stoo ya majembe, akapiga chafya, akatolewa humo akilia mbele ya shule nzima. Aliendelea na sekondari hadi 1976, kisha akajiunga na chuo cha uuguzi mwaka 1977, ambako siku ya kwanza ya kujifunza kuchoma sindano, na aliyekuwa anachomwa ni chungwa, alianguka akazimia, wenzake wakamwamsha wakimwambia kwamba chungwa linaendelea vizuri. Alihitimu Desemba 1980.

Januari 1981 aliajiriwa katika kituo cha afya cha mtaa wa kiwanda cha sabuni, katika chumba cha chanjo, chenye dirisha moja, benchi la akina mama, mizani ya kuning'iniza watoto na friji iliyokuwa inaendeshwa kwa mafuta ya taa. Friji hiyo ndiyo iliyomletea mume, kwani mwaka 1984 ilianza kutoa moshi, akaitwa fundi, fundi akaitengeneza, halafu akawa anarudi kuikagua kila wiki ingawa ilikuwa nzima, mpaka mkuu wa kituo akamwuliza kama friji ndiyo anayotaka kuiposa. Walifunga ndoa tarehe 19 Oktoba 1985, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye sasa ni mwalimu, na kijana ambaye ni fundi pikipiki, wakaishi kwa kutaniana na kuheshimiana hadi shemeji yetu alipofariki mwaka 2011.

Sasa tufike kwenye jambo lililomfanya awe vile mlivyomjua, na tunaomba mvumilie maelezo kidogo ya kazi yake. Chanjo ya surua aliyokuwa akiitumia huja ikiwa unga mkavu ndani ya chupa ndogo, chupa moja ni ya watoto kumi, na unga ukishachanganywa na maji yake hudumu kwa muda wa saa sita tu, baada ya hapo kilichobaki humwagwa. Kwa hiyo utaratibu wa kituo, kama wa vituo vingi, ulikuwa kwamba chupa isifunguliwe kwa mtoto mmoja, na mama anayekuja peke yake aambiwe arudi Alhamisi, siku ambayo watoto hukusanyika, na hakuna aliyeona ubaya wowote katika hilo, kwa sababu lilikuwa linaokoa dawa. Mwezi Agosti 1988, siku ya Jumatatu, alikuja mama mmoja muuza mkaa, na mtoto wake wa kike wa miezi tisa na nusu, mzima, mnene, anayecheka na kila mtu kwenye benchi, na marehemu akamwambia kwa upole arudi Alhamisi. Alhamisi ilikuwa siku ya lori la mkaa, yule mama hakuweza kurudi, Alhamisi zilizofuata zikawa hivyohivyo, na mwishoni mwa Septemba surua ikaingia mitaa ya kiwandani, mtoto akaletwa kituoni akiwa anawaka moto, macho mekundu, kifua kinapanda na kushuka haraka, akafariki jioni ile.

Mama yule hakumtukana marehemu wala hakumlaumu, alimwambia neno moja tu, kwamba, dada, mimi nilikuja. Neno hilo lilimwingia dada yetu kuliko matusi yoyote, alirudi nyumbani asiweze kula, na mume wake alituambia kwamba alikaa kwenye kiti cha jikoni mpaka chai ikapoa mbele yake, akisema kwamba mtoto alikuwa mkononi mwake kabisa, akamrudisha.

Tangu siku hiyo alifungua chupa kwa mtoto mmoja. Mkuu wa kituo, ambaye alikuwa mtu mwema na alikuwa na haki ya kuuliza, alimwita kuuliza dozi zinazomwagwa atazieleza vipi huko juu, na marehemu akamwahidi kwamba hazitamwagwa, na ili ahadi hiyo isiwe ya mdomo tu, kila alipofungua chupa kwa mmoja alipanga vipande vya barafu ndani ya boksi la bluu la kubebea chanjo, akalitundika begani, akamwomba mwenzake amshikie zamu, akatoka mtaani kuwatafuta wengine tisa. Mlimwona kwenye foleni ya bomba la maji, mlimwona uwanjani watu wanatazama mpira, na kuna bibi harusi mmoja hapa ambaye kwenye picha yake ya ukumbini, kati ya keki na mama mkwe, linaonekana boksi la bluu. Mlicheka, na yeye alicheka nanyi, lakini sisi wa nyumbani tulijua kwamba alikuwa anatembea huku anaogopa, anaogopa joto, anaogopa saa, anaogopa mlango utakaofungwa, na zaidi ya vyote anaogopa kwamba yule mmoja atakayemkosa ndiye itakayemwanzia surua.

Waliovumisha kwamba dawa yake inafunga uzazi aliwajibu kwa kuwapeleka kwa mama mwenye watoto sita, ambaye alimchoma mwenyewe akiwa mchanga, akawaomba wawahesabu. Misibani pia alifika, hakuwahi kulitoa boksi kabla ya mazishi, alikaa, alilia na wafiwa, aliosha vyombo, na watu wakishatulia ndipo aliposogea kwa mama mwenye mtoto na kunong'ona lete bega. Alikuwa akisema kwamba harusini huja watu waliochaguliwa, lakini msibani huja wote, hata wale wanaokukwepa mwaka mzima.

Alistaafu mwaka 2018. Na hapa familia ilijadiliana kama tuseme au tunyamaze, wenye habari hii wakasema isemwe, kwamba mwanamke huyu aliyeingia kila nyumba ya mitaa hii, nyumba moja ilimshinda, nayo ni ya mwanawe wa kiume. Mjukuu wake wa kwanza alichanjwa na bibi yake mwenyewe, jioni homa ikapanda, mtoto akashikwa na degedege, macho yakageuka meupe mikononi mwa mama yake, na ingawa alipona kabisa, na yuko hapa leo amekaa mstari wa mbele na meno yake mawili yaliyong'oka, mkaza mwana hakusahau yale macho, na alipojaliwa wa pili, ambaye tunamwita Mzee Mdogo kwa sababu hutembea mikono nyuma, alisema huyu haguswi. Marehemu alimweleza kwamba homa ndiyo iliyoleta degedege, kwamba hutokea mara chache na hupita, kwamba surua haina huruma hiyo, lakini walikuwa waoga wawili, kila mmoja anamwogopea mtoto yuleyule, na mwoga hamwondoi mwoga mwenzake hofu.

Mtoto alikuwa akishinda kwa bibi yake siku nzima, boksi lake la zamani liko chumba cha pili na chanjo iko kituoni, mwendo mfupi tu, na mdogo wake huyu anayesoma alimshauri siku moja amchome tu, nani atajua, naye akakasirika kama ambavyo hatujawahi kumwona, akasema bega la kuiba ni moja, na mama akishajua, hatalileta la pili wala hatamruhusu jirani yake kuleta la mtoto wake. Akaendelea kungoja, na kungoja huko kulimla, mtoto akikohoa upande huu wa ua, yeye upande wa pili kijiko kinamdondoka.

Februari mwaka huu surua ilirudi mitaa ya kiwandani. Marehemu alitoka kwenye kustaafu bila kuitwa na mtu, akapita nyumba kwa nyumba na wauguzi, na watoto wawili wa zile nyumba za karibu na bomba walipofariki, alienda kuwazika wote wawili, akarudi akilalamika kifua kinabana. Tarehe 2 Aprili alilazwa hospitalini, madaktari wakakuta moyo umetanuka, akaruhusiwa tarehe 14, akalazwa tena tarehe 27, katika wodi inayopakana na ya watoto, na kwa lile sikio lake moja zima alisikia vikohozi vyote vya upande wa pili wa ukuta. Kila tulipomtembelea hakuuliza habari za dawa yake wala za nyumba, aliuliza kama Mzee Mdogo amekohoa. Siku mbili kabla ya kufariki alimwomba muuguzi wa kituo chake, mbele ya mdogo wake, kwamba siku ya kumzika waje na boksi, wakae getini, wasimlazimishe mtu, na mkaza mwana alikuwa amesimama pale mlangoni ameshika chombo cha uji, akasikia. Alifariki dunia Jumatano tarehe 8 Mei, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Leo asubuhi, kabla wengi wenu hamjafika, mkaza mwana alitoka jikoni na mikono yake bado imelowa, amembeba Mzee Mdogo, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya getini. Muuguzi aliyekuwepo, binti mzuri aliyefundishwa kazi na marehemu mwenyewe, alimwambia kwa mazoea tu, kwa upole, kwamba angoje kidogo watoto waongezeke ndipo wafungue chupa, halafu akayasikia maneno yake mwenyewe, akafunika mdomo, machozi yakamtoka, akachukua chupa akaifungua. Mtoto alilia, mama yake alilia kumshinda, na hatutawadanganya kwamba hofu yake imekwisha, kwani mpaka sasa hivi yuko pale nyuma kiganja kikiwa kwenye paji la uso wa mwanawe, na muuguzi ameahidi kulala naye nyumba moja leo, na shangazi mtu pia atakuwepo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, wafanyakazi wenzake wa kituo cha afya, mafundi wa gereji anakofanya kazi mwanawe waliolipia turubai, majirani mlioacha milango yenu wazi tangu Jumatano, na mama yetu muuza mkaa, ambaye ametoka mbali na miguu inamuuma, lakini leo pia amekuja. Hatuwezi kuwataja wote, pokeeni asante zetu.

Ndugu waombolezaji, sisi tunaogopa, na tunawaambia tunaogopa, kwa sababu ugonjwa huu unakaa hewani na sisi tumekaa pamoja chini ya turubai moja. Mwenye mtoto mwenye homa au macho mekundu asione haya, kuna muuguzi wa pili kwenye chumba cha pembeni, ampeleke sasa, asingoje mazishi. Kwa wengine wote, chupa iliyoko getini ilifunguliwa saa tatu na nusu asubuhi kwa mtoto mmoja, inaisha nguvu saa tisa na nusu, nafasi tisa zimebaki, na wakizidi hata kwa mmoja itafunguliwa nyingine, ila yule aliyezoea kutoka kuwatafuta, leo hawezi kutoka.

Pumzika kwa amani, dada. Hao tisa tuachie sisi.