Bi Mkato na Uwanja wa Maktaba

Jambo hili kwa muda mrefu sikumwambia mtu. Mwaka wangu wa kwanza wa sekondari, tulipoulizwa walezi wetu wanafanya kazi gani, nilisema bibi yangu yuko bungeni, kisha nikaketi. Darasa zima likaamini kwamba ni mbunge. Sikusahihisha.

Bibi yangu, ambaye ninyi mnamwita Bi Mkato, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mitatu ya kusoma prufu, yaani nakala za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, katika kitengo cha uchapaji cha Bunge. Wenzake wamenikabidhi ukurasa huu wa kumuaga kwa kuwa, walivyosema, mimi nimeshaizoea kalamu yake nyekundu, ilhali wao bado inawatia homa.

Chumba chake kiko chini, jirani kabisa na mtambo wa kuchapa, hata kikombe cha chai hutetemeka mezani. Humo amesoma kila muswada neno kwa neno, akinong'ona. Bila yeye, kadi za harusi ya mpiga chapa zingealika watu mia mbili kwenye "ndoo" yake.

Lakini siku yake kubwa ni ile ya Muswada wa Mnara, miaka sita iliyopita. Serikali ya nchi rafiki iliomba kujenga mnara katikati ya mji mkuu, kuwakumbuka madaktari na wauguzi wake waliofia hapa wakitibu kipindupindu. Kila mtu aliunga mkono, naye Bibi pia. Muswada ulikuwa usomwe saa nne asubuhi. Saa mbili, Bi Mkato alikataa kutia saini, na bila saini yake mtambo hauwashwi. Sentensi iliyomkwamisha ni hii: "Serikali hiyo itajenga mnara katika Uwanja wa Maktaba, nao utakuwa mali yake daima."

Mwanasheria aliyeiandika alishuka ngazi amekunja uso. "Mama, kazi yako ni mikato. Ukituchelewesha, kesho usije."

Hakubishana. Alimwuliza tu, "Nini kitakuwa mali yao?"

"Mnara. Nini tena?"

Akamwita mpiga chapa, akamsomea sentensi ileile na kumwuliza swali lilelile.

"Uwanja," alijibu mpiga chapa, akijifuta wino. "Kwani tunaugawa? Wanangu watacheza wapi?"

Mwanasheria aliisoma upya. "Mnara huu," alisema polepole. "Uwanja huu." Akavuta kiti, akaketi. "Mama, nipe hiyo kalamu."

"Nao" ikaondoka, ikaingia "na mnara huo". Saa nne muswada ulikuwa mezani kwa Spika, na ulipita bila kura hata moja ya kuupinga.

Leo mnara umesimama, mweupe, na majina ya wauguzi yanasomeka toka ng'ambo ya barabara. Uwanja ni wetu. Na mwanasheria yule hapeleki karatasi popote kabla ya kuuliza, "Bi Mkato ameiona?"

Asante, Bibi, kwa macho yako. Tunakuombea asubuhi zisizo na haraka, miwani isiyopotea, na magazeti yenye makosa ya kutosha kukuchangamsha.

Jumatatu iliyopita nilisimama mbele ya darasa, nikasema bibi yangu si mbunge, ni msomaji prufu. Kisha niliiandika ile sentensi ubaoni na kuwauliza wenzangu nini kitakuwa mali yao. Kumi na tisa walisema mnara. Ishirini na mmoja walisema uwanja.