Bado Naitazama: Tumkumbuke Mzee Subiri

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo namkumbuka mpiga picha wa mitaani. Wengi wenu mlikaa kwenye kigoda chake mkapigwa picha ya kitambulisho, kile kigoda chenye mguu mmoja mfupi. Mlimwita Mzee Subiri. Mzee Subiri ametutoka wiki hii, nyumbani kwake, kwa maradhi ya kifua, mkewe akiwa pembeni.

Kwa nini Subiri? Ndilo lilikuwa neno lake. Ukikaa tu, "Subiri." Ukichana nywele kwa kile kitana kilichofungwa kamba kwenye kioo, "Subiri." Mkewe ameniambia, "Hata siku ya posa, baba yangu alimuuliza, unaoa lini? Akajibu, subirini kidogo. Baba nusura amfukuze!"

Vitambulisho vilimlisha, lakini mapenzi yake yalikuwa barabarani. Alisimama kona moja mchana kutwa, akingoja kivuli kifike ukutani na mtu apite. Watu wake walikuwa migongo, miguu na miavuli. Nyuso hakuzigusa. "Sura ni ya mwenyewe," alisema. "Ukiitaka, muombe."

Kila Jumamosi mchana alifunga mlango wa studio, wapiga picha wenzake wakatandaza picha mezani, wakakosoana. Sheria ilikuwa moja: sema kwanza unachokiona, unachokipenda baadaye. Neno "mbaya" halikuingia mle ndani. Picha isipomgusa, Mzee Subiri aliiinua, akaishika kwenye mwanga, akasema kwa upole, "Bado naitazama." Basi mwenye picha alijua, chukua yako ukajaribu tena. Lishikeni neno hilo, wasikilizaji wapendwa. Bado naitazama.

Sasa kulikuwa na Dada Sogea. Kazi yake ni ufundi cherehani, na kamera ndiyo raha yake. Aliitwa Sogea kwa sababu picha ya mbali haikumwingia akilini. Yeye alitaka rangi, jasho, meno ya mtu anayecheka. "Mzee," alimwambia siku moja, "picha yako naiona imetulia, lakini watu wako wote wamenipa mgongo. Nimewakosea nini?" Mzee akajibu, "Na wako wananipumulia usoni, mwanangu." Wee! Meza nzima ilicheka. Ladha zao hazikupatana hata siku moja, na hawakuwahi kuvunjiana heshima.

Mpaka mwaka jana. Dada Sogea alimkuta mzee kwenye benchi la kituo cha basi, kamera mapajani. Alikuwa akingoja mwanga, akangoja mpaka usingizi ukamchukua. Mdomo wazi. Kivuli alichokuwa akikingoja kilikuwa kimeshafika, kimemlalia begani. Dada Sogea akasogea, akapiga. Hakumwamsha, hakuomba.

Jumamosi akaitandaza mezani. Watu walicheka mpaka machozi. Mzee hakucheka. Aliiinua, akaishika kwenye mwanga. Kisha akasema, "Bado naitazama." Akaitia mfuko wa shati.

Dada Sogea ameniambia haya: "Niliona aibu. Nilijua nimemuudhi. Sikurudi tena pale." Hakurudi. Mzee akaanza kuugua, naye Dada Sogea kila siku akasema nitakwenda kesho. Alidhani mzee hataki kumwona. Kumbe kitandani mzee alikuwa akiuliza, "Yule fundi hajapita?" Mkewe anasema, "Nami nikadhani kuna suruali yake imebaki kwa fundi!"

Jamani. Hili limeniuma, na limenikera pia. Mmoja alikuwa akisubiri, na mwenzake akashindwa kusogea.

Siku ya maziko ikatakiwa picha ya kutangulia mbele ya jeneza. Haikuwepo. Kinyozi hajinyoi, wasikilizaji. Mtaa mzima alitupiga, yeye hana hata moja! Ndipo mkewe akaingia chumbani, akabandua picha kando ya kioo. Ni ile ya kwenye benchi. Mdogo wake marehemu akaruka: "Shemeji, mdomo wazi hivi? Ndugu yangu achekwe siku ya kuzikwa?"

Mkewe akamjibu, "Aliibandika mwenyewe. Kila asubuhi akifunga vifungo vya shati, macho yake yako pale. Nikamuuliza, unaipenda? Akaniambia, bado naitazama."

Hapo mimi nimekwama. Hakuipenda? Au kweli alikuwa bado anaitazama? Jibu ameondoka nalo. Kukosoa kwa upole ni jambo jema, lakini upole wake ulimwacha mtu gizani mwaka mzima, na pale mezani hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Nakupa pole, mama, mke wa marehemu. Pole, mdogo wake marehemu. Na pole nyingi kwa Dada Sogea, ambaye si ndugu wa damu ila amefiwa. Mzee apumzike kwa amani. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu anangoja neno lako, mpe leo, na liwe wazi. Kama wewe ndiye unayengoja, nenda kaulize.

Nawaacha na nililoliona makaburini. Picha ilibebwa ile ile. Dada Sogea alisimama nyuma kabisa ya watu, yeye asiyejua kukaa mbali. Mjane akamwita, "Njoo, mwanangu." Akaja, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, nilimkosea?"

"Mimi sijui mambo ya picha," mjane akasema. "Ile sheria yenu inasemaje?"

"Sema kwanza unachokiona."

Mjane akaichukua picha, akaishika kwenye mwanga kama alivyokuwa akifanya mumewe.

"Namwona mume wangu," akasema.