Bata wa Balozi

Fundi cherehani alitazama nje ya dirisha la basi kama asiyesikia kitu. Macho hayana pazia, na masikio yake hayakuwa nalo pia.

Mbele yake, mpishi wa ubalozini alikuwa akimnung'unikia mtunza bustani aliyeketi naye. "Stoo imejaa makopo ya maharagwe. Dawa ya mafua ya ndege mabosi wameifungia kabatini, yao na watoto wao. Nikauliza, na sisi je? Eti sisi tuna serikali yetu."

"Wanajikinga, mama," mzee akasema. "Hata bata wa bwawani wameamriwa waondoke."

"Wamechinjwa?"

"Mke wa balozi alikataa katakata, akalia. Akanipa mimi nikawafuge nyumbani."

Mpishi akamgeukia mzima mzima. "Nyumbani, mzee wangu? Chumba kimoja na wajukuu?"

"Lakini ni bata wazima tu, hawaumwi."

"Wazima wanafukuzwa?"

Fundi akajikuta amevuta mtandio hadi puani, kana kwamba mtandio ni dawa.

Basi likasimama. Mzee akainuka, akabeba mfuko wake wa pumba. "Niwahi," akasema. "Kuna bata mmoja tangu jana hataki kula, mpaka mjukuu wangu ampakate."