Mshale Kwenye Nyekundu

Benchi la Mama Birika, muuza kahawa, liko nyuma ya jengo la ghorofa tano, chini ya dirisha la chumba cha jenereta. Asubuhi ile Swichi, mwangalizi wa jengo, aliliketia kama mtu anayengoja hukumu. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa mbili, na jenereta lilikwisha kuzimika mara mbili kwa kuzidiwa na mzigo. Mwenye nyumba alisema, tena bila kupandisha sauti: likizimika mara ya tatu, Swichi arudishe funguo. Ndipo Swichi akapanda ghorofa zote, akazima kila kitu isipokuwa lifti, pampu ya maji na taa za ngazi. Akashuka, akaliwasha jenereta upya. Alichungulia dirishani, kwenye kipimo cha mzigo.

— Mshale bado uko kwenye nyekundu. Sielewi.

— Dizeli hiyo, akasema Wembe, kinyozi. Ina maji. Linapata kiungulia.

— Unanyoa vichwa miaka minane, Dobi, jirani yake benchini, akamkatiza, hata kimoja hakijakuambukiza akili! Lina wivu. Likihisi umeme wenyewe unarudi, linasusa.

— Tulibembeleze? akauliza Wembe.

— Tuliwashie vitu vyote kwa mpigo. Umoja ni nguvu!

Swichi alipaliwa na kahawa.

— Dobi, pasi umezima?

— Ile kubwa nimezima, kaka.

— Na ndogo?

— Ndogo nayo ni mzigo? Haba na haba hujaza kibaba.

— Ndicho ninachokiogopa! Kaizime!

Dobi akaenda, akarudi. Mshale haukushuka hata unywele.

— Basi linamwogopa mwenye nyumba, Wembe akanong'ona. Akitajwa tu, linashtuka.

— Usimtaje! akasema Swichi.

Jenereta likakohoa.

Mpangaji mpya, mwalimu, akafika na kikombe chake.

— Shikamooni. Samahani, Mama, umeme si umekatika? Birika lako linachemshwa na nini?

Macho yote yaliufuata waya: kutoka kwenye birika, chini ya benchi, katikati ya viatu vya Swichi, hadi kwenye tundu la fremu ya dirisha. Tundu lile alilitoboa Swichi mwenyewe, mwaka juzi, ili kahawa yake isipoe.

Akainama, akachomoa. Jenereta likashusha pumzi; mshale ukaondoka kwenye nyekundu.

— Haya, akasema Mama Birika, mikono kiunoni. Nani atakunywa ya baridi?

Swichi akawa wa kwanza kunyoosha kikombe.