Nani Apewe Pole ya Fondo

Kijiwe chetu ni ubao mmoja wa mnazi mbele ya birika la Jaafar muuza kahawa, karibu na soko la Malindi, na wanaoukalia wana jibu la kila kitu. Wakili si wakili, aliwahi tu kushinda kesi ya mbuzi. Refa hajapata kupuliza kipenga. Mimi huniita Kimya. Pale kati yangu na Refa palikuwa pa Fondo, fundi wa kushona, mwenzangu wa chumba na wa maisha. Ijumaa alizikwa kwao Ganze. Nilikwenda, na ndugu zake wakanikalisha kule nyuma na wapangaji wenzetu. Hapa kijiweni wanajua vyema tulivyokuwa. Wallahi, hakuna hata mmoja aliyenipa pole.

Leo redio ya Jaafar ikaleta mjadala: watetezi wa haki wadai ndoa ya mume na mume sasa, ama wangoje kwanza? Ebo! Wakaamka.

Wakili: Wangoje. Uchaguzi uko mlangoni, mbunge gani atagusa hayo? Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Refa: Si hiyo inakataza kungoja, bwana?

Wakili: Basi wangoje na matumbo yao.

Refa: Hujui mchezo wewe. Waanze na kidogo. Kwanza mtu aruhusiwe kumuuguza mwenziwe hospitalini. Halafu kuzikana. Halafu mirathi. Ndoa iingie dakika za majeruhi. Mpanda ngazi hushuka!

Jaafar: Ushamshusha tena! Mswada upelekwe siku ya fainali ya Kombe la Dunia. Wabunge wataitikia "ndiyo" macho yakiwa kwenye runinga.

Wakili: Aulete mbunge yule anayewapinga kuliko wote. Wafuasi wake watapiga makofi kabla ya kuusoma.

Refa: Na mashekhe? Na maaskofu?

Wakili: Wapelekwe ziara. Basi moja!

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nami nikacheka, moyo ukiniuma. Wamenipangia mpaka siku ya ndoa, na mwenzangu yuko mchangani.

Ndipo akaja mama mmoja na kikapu chake.

Mama: Hamjambo? Mimi Nyevu, natoka Tezo. Fondo ndiye aliyewashonea wanangu wote. Nimesikia ametutoka, nimekuja kutoa pole. Mfiwa ni nani hapa?

Jaafar akachokoa makaa. Refa akatazama viatu vyake. Wakili akakohoa.

Wakili: Watu wake wako Ganze, mama.

Nyevu: Hao nawajua. Na hapa mjini, hakuwa na mtu?

Nikafungua kinywa. Nikamwona akilini mwenye nyumba, nikawaona majirani, nikawaona askari. Nikakifunga.

Nyevu: Maskini. Mtu mwema vile.

Akatuaga kwa mkono, mmoja mmoja. Alipofika kwangu sikuweza kuuachia. Akanitazama usoni. Kisha akaufunika mkono wangu kwa mkono wake wa pili, akaenda zake.

Wakili akangoja afike mbali.

Wakili: Mimi bado nasema wangoje.

Safari hii hakuna aliyembishia.